Waya Uliokatikia Ndani

Wiki mbili zilizopita nilivutiwa intaneti nyumbani kwangu hapa Ruiru. Nasema kwangu, tena kwa mdomo mpana, kwa sababu kila jiwe la nyumba hii nililinunua mwenyewe, na vile vyumba kumi na viwili vya kupangisha huko nyuma ni vyangu pia, na shule mimi niliiacha darasa la tatu. Wapangaji walikuwa wamenisumbua. Bila waifai hatukai, mama. Basi nikapiga simu, nikaletewa msichana mmoja mwenye ngazi begani na buti za kiume, jina lake Mercy.

Kwa wenzangu wa rika langu ambao bado wanakiogopa hicho kitu, niwaambie tu hakuna uchawi. Kuna waya mwembamba unaotoka kwa mlingoti wa barabarani, unapita kwa tundu la ukutani, unachomekwa kwenye kisanduku cheupe kinachoitwa ruta. Ruta nayo inachomekwa kwa stima. Unangoja taa ziwake moja moja, kama dakika tano, na hapo usiguseguse kitu. Chini ya kisanduku kuna karatasi iliyobandikwa, ina jina la waifai na paswadi. Unaiandika kwa simu, halafu unaibadilisha uweke yako, maana ile ya kiwandani yeyote anayeingia sebuleni anaweza kuisoma. Hivyo tu. Yangu niliibadilisha mwenyewe, kwa kidole hiki kilichopinda.

Mahali pa kuiweka ndipo tulipobishana.

"Shosho, usiifungie kwa kabati," Mercy akasema, kana kwamba mimi ni nyanya yake. "Kuta zako ni za mawe, mtandao haupiti hapo vizuri. Iwekwe juu, katikati ya nyumba."

"Nani amekwambia nitaifungia?"

"Washosho wengi huifungia. Kuna mmoja huko Kamenu aliifunika na sufuria, ati isiibiwe."

"Mimi si huyo wa Kamenu. Weka hapo juu ya kabati la vyombo."

"Sawa, boss," akacheka.

Waya ulikuwa umebaki mrefu. Nikauchukua, nikaanza kuukunja vile mtu anavyokunja kamba, niupenyeze nyuma ya kabati usionekane. Mercy akaniwahi mkono.

"Ai, shosho, hapana! Usiukunje hivyo. Ndani yake ni kioo. Ukikunjwa unakatikia ndani, na nje huoni kitu. Fundi anaweza kutafuta wiki nzima."

"Najua," nikamwambia.

Alidhani najigamba. Akauzungusha ule waya polepole, duara kubwa kama sinia, akaufunga, akamaliza kazi yake, akaenda. Mimi nikabaki nimeketi kwenye kiti, mkono wangu wa kulia juu ya goti, nikiutazama kama mkono wa mtu mwingine. Chai niliyokuwa nimemmiminia Mercy ilipoa, yangu pia ikapoa.

Utotoni mwangu tulikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, upande wa Thika, karibu na mto Chania. Milango ishirini kwa safu moja, yote inafanana, kila familia na chumba chake kimoja. Mgeni angeweza kuingia kwa jirani na kujikaribisha. Lakini mlango wetu hakuna aliyeukosea, kwa sababu juu ya paa letu palikuwa na mlingoti wa mti wa mkaratusi, mrefu kuliko chochote pale, na ule mlingoti ulikuwa wa redio.

Baba yangu, Kimani, alishika mashine ya kumenya kahawa huko kiwandani. Hakusoma hata kidogo. Mashine alijifunza kwa kuigusa na kuisikiliza, na jioni alikuja nyumbani ananuka maganda ya kahawa yaliyochacha, harufu kali tamu ambayo wenzangu waliokulia huko wanaijua. Ile redio aliinunua kwa karani aliyekuwa anahama. Ilikuwa sanduku la mbao, betri yake kubwa kama tofali. Baba aliiunganisha mwenyewe. Waya wa shaba aliutoa kwenye mota iliyoungua, akaunyoosha kwa mikono, akaufunga juu ya mlingoti na kuuteremsha hadi dirishani, mahali kioo kimoja kilipovunjika. Lile tundu akaliziba na tambara, na waya ukapita katikati ya tambara mpaka kwenye redio. Waya wa pili ulitoka nyuma ya redio, ukapita chini ya mlango hadi kwenye chuma alichokipigilia ardhini, nje ya ukuta.

Hapo kwenye chuma ndipo palipokuwa na kazi yangu. Kila alasiri nikitoka shule nilimwaga kopo moja la maji.

"Udongo ukikauka, sauti inakauka," baba aliniambia. "Usisahau, Maitu."

Aliniita Maitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ndivyo sisi tunavyopeana majina. Sasa wewe una miaka minane, na mwanamume mzima mwenye masharubu anakuita mama mbele ya watu. Unajiona mkubwa. Mimi nilijiona mkubwa sana. Niliamini ile sauti inakunywa maji yangu. Niliamini inatoka chini, inapanda kwa waya kama utomvu unavyopanda kwa mti, na kama si mimi na kopo langu laini yote ingekaa kimya.

Mama hakuipenda redio. Alisema inakula betri na haiteki maji. Lakini jioni watu walipojaa mlangoni kusikiliza, yeye ndiye aliyetoa viti na uji, na alicheka kuliko wote. Halafu akaanza kukohoa. Mwanzoni alikohoa akageuka pembeni, baadaye alikohoa ndani ya kanga, na mwisho alikuwa na beseni lake ambalo mimi nilikatazwa kulisogelea. Nililisogelea. Niliona.

Walimpeleka hospitali ya kifua, mbali, safari ya kutwa nzima kwa magari mawili. Watoto hawakuruhusiwa. Baba alikwenda naye, akarudi peke yake siku ya pili, akatueleza alivyoambiwa na mhudumu wa huko. Mzee, usipoteze kazi yako kwa kuja kila wiki. Kukiwa na neno, tutakuita kwa redio, jioni baada ya habari.

Simu hatukuwa nayo. Barua ingekaa posta wiki mbili. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka hayo matangazo. Habari zinaisha, msomaji anakohoa kidogo, kisha anaanza kusoma majina. Kwanza ya waliofariki: fulani wa mahali fulani, mume wa fulani, baba wa fulani na fulani. Kisha zile salamu za watu wanaotafutwa. Tangu siku hiyo, msomaji akifika hapo, baba aliinua mkono, na mlangoni kote kukawa kimya. Wanawake waliziba watoto midomo kwa kiganja.

Hakuna aliyenieleza kwamba majina yale yalikuwa ya namna mbili. Mimi nilisikia orodha moja.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Njuguna, mwanamke mnene wa maneno mengi, mumewe akifanya kazi ya reli huko mbali. Jioni moja alikuwa amesimama mlangoni petu na kikombe cha uji, akimtania baba.

"Kimani, hii redio yako inasema mvua itanyesha. Mimi goti langu lilisema tangu asubuhi, na halili betri."

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka, mpaka uji ukamwagika. Na papo hapo msomaji akalitaja jina la mumewe. Nilimwona akiendelea kutabasamu, kama uso ulikuwa haujaambiwa. Halafu akaanguka, akaketi chini kwa kishindo, na ile sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia tena kwa binadamu, na nimezika watu wengi.

Sasa angalia akili ya mtoto. Mimi nilijionea kwa macho yangu. Kabla jina halijasomwa, mwanamke alikuwa anacheka, mumewe mzima. Jina likasomwa, mume akafa. Nikakumbuka wengine wote waliosomwa, na hakuna hata mmoja niliyejua amebaki hai. Basi nikaelewa. Redio haileti habari ya kifo. Redio ndiyo inayoua. Kuna mtu huko mwenye orodha, akikusoma, umekwisha. Na mama yangu wamemwandikisha huko, baba mwenyewe ametuambia kwamba watatuita. Na anayeinywesha ile sauti maji kila siku ni mimi.

Kesho yake sikumwaga maji.

"Maitu, umenyeshea waya?"

"Ndiyo, Baba."

"Kopo zima?"

"Kopo zima."

Jua lilikuwa kali wiki hiyo. Siku ya tatu sauti ikawa kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya gunia. Nikafurahi. Lakini baba hakuwa mjinga. Alitoka nje, akaushika udongo, akanitazama, akachota ndoo nzima akaimwaga mwenyewe. Sauti ikarudi. Hakunigombeza. Alidhani nimechoka, na ni kweli nilikuwa nimechoka, maana kazi zote za mama zilikuwa zimeniangukia.

Alasiri iliyofuata, yeye akiwa kiwandani, nilipanda juu ya debe, nikalichomoa lile tambara la dirishani. Nikaushika waya pale ulipojificha ndani ya tambara, nikaukunja huku, nikaukunja kule, huku, kule. Shaba ikikunjwa hivyo inapata joto. Hilo sikulijua. Ilinichoma vidole nikadhani ndiyo roho yake, sikuiachilia. Ukakatika. Nikazitenga ncha mbili, nikazizungushia tambara vizuri, nikalirudisha kwenye tundu. Ukisimama nje unaona waya unaingia, ukisimama ndani unaona waya unatoka. Hata baba hangeona.

Na kweli hakuona. Jioni redio ilivuma tu, kama nyuki ndani ya mzinga. Baba akazungusha vifundo. Akapanda mlingotini. Akakichimbua chuma, akakipigilia mahali pengine. Kesho yake akaitoa betri akaianika juu ya bati, juani, kama tulivyofanya sote siku hizo betri ikilegea. Akairudisha. Nyuki. Watu wakaanza kupungua mlangoni. Baba alibaki ameinama, sikio lake limegusa kitambaa cha spika, mkono ameuinua vilevile kana kwamba kuna kelele ya kunyamazisha.

Lazima niseme na hili, ingawa ni la baba yangu. Palikuwa na redio nyingine. Ilikuwa ya nyapara, ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu saa. Lakini huyo nyapara alikuwa amemcheka baba mbele ya wafanyakazi wote, akamwuliza mtu wa maganda ana haja gani na redio. Mama Njuguna, akiwa bado na kitambaa cheusi kichwani, alimwambia waziwazi:

"Kimani, vuka mto ukasikilize kwa yule mtu. Atakucheka, halafu utakuwa umesikia."

"Hii nitaitengeneza kesho."

"Ulisema hivyo jana."

"Na kesho ni kesho."

Mimi nilikuwa kwenye mafiga, nikipuliza moto, na nilikuwa na furaha. Siwezi kulificha, na ndilo linalonikosesha usingizi kuliko mengine. Ile wiki ya kimya ilikuwa wiki ya furaha kubwa kuliko zote tangu mama aondoke. Kila jioni iliyopita bila jina nilihesabu ni jioni niliyompa mama mimi. Niliimba nikiosha vyombo.

Siku ya sita Mama Njuguna alikwenda sokoni Thika. Alirudi mbio, na hakuwa mtu wa kukimbia. Alipita mbele ya mlango wetu bila kusimama, akaenda moja kwa moja mpaka kiwandani, nami nikamfuata. Alisimama katikati ya zile mashine akipaza sauti ili azishinde.

"Kimani! Umeitwa! Umeitwa jioni tatu mfululizo! Watu wote sokoni wananiuliza, huyo Kimani Mbugua wenu amekufa ama ni kiziwi? Mkeo anakutaka. Wamesema ufike bila kukawia. Mkeo anakutaka, Kimani!"

Baba hakurudi nyumbani kubadilisha nguo. Aliondoka na ovaroli lake lenye maganda, akashika njia ya barabara kuu. Mimi nilisimama pale nikijaribu kuelewa. Jina lililosomwa lilikuwa la baba. Baba alikuwa hai, nilikuwa namwona mgongo. Ilikuwaje?

Alikaa siku nne. Alirudi na kanga ya mama na viatu vyake vimefungwa kwa gazeti. Watu walijaa chumbani, na yeye akaeleza kwa sauti ya chini, kama anayeeleza habari za mtu mwingine. Alimkuta amekwisha kuzikwa. Hospitali ilingoja siku mbili, hakuna aliyekuja, wakamzika kwenye makaburi yao, kuna kijiti chenye namba. Mhudumu alimweleza kwamba wodini palikuwa na redio. Jioni zote tatu mama alimsikia mumewe akiitwa. Alitaka ainuliwe kwa mito. Kila jioni, baada ya tangazo, aligeuza uso akautazama mlango, na asubuhi aliuliza kama gari la Thika limefika.

Watu wakaanza kulia. Nami, kutoka pembeni, nikasema kwa sauti, kwa sababu lilikuwa swali la haki:

"Lakini hakusomwa. Sisi hatukusikia jina lake. Nilihakikisha."

Watu walidhani ni maneno ya mtoto. Baba alinitazama, kisha akainuka, akapita katikati ya watu, akaenda dirishani. Akalichomoa tambara. Akalifungua polepole, kunjo moja, kunjo lingine, mpaka zikaonekana zile ncha mbili, zinang'aa, mpya. Alizishika kila moja kwa mkono wake. Fundi anajua shaba iliyokunjwa kwa mikono inavyoonekana.

"Ni nini?" Mama Njuguna akauliza.

"Panya," baba akasema. "Panya wameukata waya."

Hakunipiga. Hakuniuliza. Ule waya hakuuunga tena, na redio akampa mtu mwingine. Mimi nikaacha shule muhula huo nikatunza nyumba. Aliendelea kuniita Maitu, lakini alikuwa akiniita bila kunitazama. Nilipofika miaka kumi na tano nilitoka nikaenda Kiandutu, kule vibandani Thika, nikauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa vibarua, nikabeba mawe ya ujenzi, nikapiga hesabu zangu kwa kichwa, na yaliyobaki mnayaona hapa Ruiru. Watu huniuliza nguvu zile nilizitoa wapi. Mimi huwaambia kazi ni kazi. Siwaambii kwamba mtu akikaa bure, mikono yake inaanza kukumbuka.

Mama Njuguna alikufa akiwa mzee sana, akilaani panya. Hakuwahi kukosa kuwataja tukikutana. "Wale panya, mwanangu. Wale panya walikuulia mama yako."

Baba alipozeeka nilimleta hapa kwangu, nikampa chumba cha mbele chenye jua. Nilimwogesha, nilimlisha. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho ilikuwa kesho. Mpaka siku moja, mchana, nikimkata kucha, mkono wake uko ndani ya wangu, nikasema.

"Baba. Ule waya wa redio."

Akageuza uso dirishani.

"Hawakuwa panya. Ni mimi. Nilidhani wakimsoma jina atakufa. Niliukata kwa mikono yangu."

"Walikuwa panya," akasema.

"Baba, wewe uliona. Ulizishika zile ncha. Unajua."

"Nimesema walikuwa panya, Maitu."

"Mimi ni mwanamke wa miaka sitini. Niache niseme."

Akautoa mkono wake kwenye wangu. Nilidhani amekasirika, na alikuwa amekasirika kweli, hasira ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwake, hata siku ile.

"Nani alikataa kuvuka mto?" akauliza. "Nusu saa. Nilijua redio iko pale. Niliisikia hata ikivuma, upepo ukija upande wetu. Nikasema yule mtu hatanicheka tena. Wewe ulikuwa mtoto. Usije hapa na waya wako kunipunguzia kosa."

"Sikupunguzii, Baba. Ni langu."

"Ni langu," akasema. "Maliza kucha."

Nikamaliza kucha. Alikufa miezi mitatu baadaye, na hatukulitaja tena. Tulikula meza moja siku zote hizo, mimi na yeye, kila mmoja ameshikilia kifo cha mama kama mali yake, na hakuna aliyekubali kumgawia mwenzake hata kidogo.